"Anaongea puani": matatizo mawili yanayopingana tunayoyaita jina moja

#1 Fundi wa Usemi

Wakuu, habari za wakati huu.

Kazi yangu ni tiba ya usemi na umezaji, huu ni mwaka wa 11. Malalamiko ninayoyasikia kuliko mengine yote ni haya: "Mwanangu anaongea puani." Nikiuliza puani kwa namna gani, hewa inatoka nyingi au haitoki kabisa, wengi wanabaki wananitazama. Siwalaumu. Lugha yetu imeyatia yote mawili kwenye kapu moja la king'ong'o. Mwenye mafua anaongea puani, na aliyezaliwa na mpasuko wa kaakaa naye anaongea puani. Lakini yule wa kwanza hewa yake haipiti puani hata pale inapotakiwa kupita, na wa pili inapita hata pale isipotakiwa. Dawa ya mmoja haimfai mwenzake kabisa. Nimekutana na watoto waliotiwa matone ya kuzibua pua kwa miaka, na pua zao hazijawahi kuziba.

Kabla sijaeleza, jaribuni hili hapo hapo mlipo. Fumba mdomo, vumisha "mmmm", na katikati ya mvumo bana pua kwa vidole viwili. Sauti inakatika. Midomo imefungwa, pua imefungwa, hewa haina pa kutokea, na nyuzi sauti hazitikisiki bila hewa kupita kati yake. Sasa achia pua useme "babu kaleta kikapu". Rudia ukiwa umebana pua. Husikii tofauti, au ni ndogo mno. Umesema sentensi nzima na pua haikuhusika.

Aliyefanya kazi hapo ni kaakaa laini. Pitisha ncha ya ulimi juu ya kinywa, kuanzia nyuma ya meno ya mbele ukirudi ndani. Utapita ufizi, utapita kaakaa gumu lenye mfupa, halafu utafika mahali panapobonyea. Kuanzia hapo ni msuli na utando, mfupa hakuna, na mwishoni kabisa ndiko kinakoning'inia kilimi. Likitulia, kaakaa laini linalala chini na njia ya kutoka puani kwenda kooni inakuwa wazi. Ndiyo maana unapumua mdomo ukiwa umefumbwa. Likiinuka, linakwenda juu na nyuma mpaka liguse ukuta wa koromeo (ile nafasi iliyo nyuma ya pua na kinywa), kuta za pembeni nazo zinasogea ndani kulipokea, na pua inatengwa na kinywa. Mimi na wagonjwa wangu tunaliita lango.

Kiswahili kina sauti nne zinazotaka lango liwe wazi: m, n, ny na ng'. Zilizobaki zote zinalitaka limefungwa au limekaribia kufungwa. Chukua m na b. Midomo inafungwa vilevile, nyuzi sauti zinatikisika vilevile, kilichotofautiana ni lango tu. Kwa hiyo tofauti ya "mama" na "baba" haiko midomoni ambako mtoto anaiona. Iko nyuma kabisa ya kinywa, mahali ambapo hata mwenye kinywa hapahisi.

Mwenye mafua, njia ya pua ikiwa imeziba, akisema "mimi" utasikia "bibi". "Nani" yake inakaribia "dadi". Mwenye lango lisilofunga ni kinyume chake: "baba" inasikika kama "mama", na s na sh zinatoka nyonge, tena zikiambatana na mvumo puani, kwa sababu hewa iliyotakiwa kukusanyika kinywani ipate nguvu imeshavuja.

Lango hilohilo linafanya kazi nyingine ambayo watu wanaisahau: linazuia maji yasipande puani unapomeza. Tonge likishafika nyuma ya ulimi, yanayofuata yanaisha katika muda wa sekunde moja hivi au pungufu. Ulimi unasukuma kwenda nyuma. Lango linafunga juu. Pumzi inasimama. Zoloto (kisanduku cha sauti kilicho juu ya bomba la hewa) linapanda, weka kidole kwenye kikoromeo umeze mate, utalihisi likiruka na kushuka. Kidakatonge kinalala juu ya zoloto kama kifuniko. Mlango wa umio (bomba la chakula), ambao muda wote huwa umebanwa, unaachia tonge lipite. Kisha kila kitu kinarudi mahali pake, na kwa kawaida pumzi inarudi kwa kutolewa, si kwa kuvutwa, hivyo kilichobaki mlangoni kinapulizwa nje badala ya kuingizwa kifuani.

Unafanya hivyo mara mamia kwa siku, hata usingizini, na huhesabu hata moja. Karibuni kwa maswali.

#2 Mwanaisimu Mchanga

Mkuu, umenigusa. Niongeze kidogo upande wa lugha.

Ulichosema kuhusu m na b kinapendeza zaidi ukitazama mb, nd, nj na ng, maana humo lango linafunguka na kufungwa ndani ya sauti moja. Ukisema "mbuzi", unaanza lango likiwa wazi, midomo imefumbwa, halafu kabla midomo haijaachia lango lazima liwe limeshafungwa, la sivyo ile b haitapata msukumo. Vyote hivyo vinatendeka katika sehemu ndogo ya sekunde, na mtoto wa miaka mitatu anaviweza.

Tazameni pia "ngoma" na "ng'ombe". Mwanzo wake ni uleule: nyuma ya ulimi imegusa kaakaa laini, lango wazi. Kwenye "ngoma" lango linafunga kwanza, ndipo ulimi unaachia, tunasikia g. Kwenye "ng'ombe" ulimi unaachia lango likiwa bado wazi, g haisikiki. Ile alama ya juu tunayofundishwa shuleni kuiandika kwa uangalifu inaonyesha wakati wa kufunga lango tu, hakuna kingine.

#3 Nesi wa Zamu

Uzi mzuri sana, ila naomba nisahihishe sehemu mbili, kwa heshima.

Kwanza jina. Kidakatonge wengine wanakiita kile kinachoning'inia, wengine wanakiita kile kifuniko kilicho chini, nyuma ya shina la ulimi. Nimeshuhudia mgonjwa akiambiwa "kidakatonge kimevimba" akafungua mdomo mbele ya kioo akatafuta asikione, kwa sababu aliyemwambia alimaanisha cha chini, ambacho hukioni kwa kioo cha ukutani.

Pili, hiyo picha ya kifuniko inapotosha. Watu wanaamini kikikosekana basi kila tonge litaingia mapafuni. Wapo walioondolewa kifuniko hicho kwa ugonjwa, wakajifunza upya, na wanameza. Kinga kubwa iko ndani ya zoloto lenyewe. Nyuzi sauti zinafungana. Juu yake kuna mikunjo mingine inayobanana. Na zoloto zima linavutwa juu na mbele, likajificha chini ya shina la ulimi, nje ya njia ya tonge. Kifuniko kinasaidia kuligawa tonge lipite pembeni, lakini hakifanyi kazi peke yake.

#4 Fundi wa Usemi

Nesi, umesahihisha kwa haki na nakubali. Kule kusema "kama kifuniko" ni kurahisisha kuliko inavyostahili. Ndani ya uzi huu basi tukubaliane: kinachoning'inia tukiite kilimi, cha chini tukiite kifuniko cha zoloto, na kidakatonge tukiache kando.

Neno "koo" nalo linatuchanganya. Tunaliita koo bomba la hewa, tunaliita koo njia ya chakula, na panapouma mafindofindo pia ni koo. Ukweli ni kwamba kuna sehemu moja ya pamoja, koromeo, ambayo juu inapokea pua, mbele inapokea kinywa, na chini inagawanyika: mbele zoloto na bomba la hewa, nyuma umio. Hewa inaingia kwa nyuma (puani) na kuishia mbele. Chakula kinaingia kwa mbele (kinywani) na kuishia nyuma. Maana yake njia hizi mbili zinakatana, na kila unapomeza unavuka makutano hayo. Kupaliwa ni ajali ya kwenye makutano.

#5 Kicheko

Naomba kujua kwa nini nikichekeshwa huku nakunywa maji yanatoka puani. Yananichoma balaa.

#6 Fundi wa Usemi

Kicheko ni pumzi inayotoka kwa kishindo. Ulikuwa umefunga kila kitu kwa ajili ya kumeza, kicheko kikaja ghafla kikavuruga mpangilio: pumzi ikasukuma kutoka chini, lango likaachia, na maji yaliyokuwa kooni yakafuata hewa juu. Kuungua unakokusikia ni kwa sababu utando wa pua ni mwepesi kuhisi kuliko wa kinywa. Ikitokea mara moja moja ukicheka, ni kawaida. Ikitokea bila kucheka, tena kila wiki, hapo tuzungumze.

#7 Kinanda

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Tunawaambia waimbaji "imba kama unataka kupiga miayo" na sauti inafunguka kweli. Ni lango hilohilo? Na kwa nini nikipiga miayo au nikimeza masikio yanapasuka "tak"?

#8 Fundi wa Usemi

Ndilo, mwalimu. Mwanzo wa miayo unainua kaakaa laini na kushusha zoloto, nafasi ya koromeo inakua, sauti inapata ukumbi mkubwa zaidi wa kuvuma. Wasifike tu kwenye miayo yenyewe, maana huko shina la ulimi linarudi nyuma na kukaza.

Masikio yana mrija unaotoka sikio la kati mpaka juu ya koromeo, nyuma ya pua. Muda mwingi umefungwa. Mmoja wa misuli inayolikaza kaakaa laini umejishika kwenye mrija huo, kwa hiyo ukimeza au ukipiga miayo unavutwa, unafunguka kidogo, na mgandamizo wa hewa wa pande mbili za ngoma ya sikio unalingana. Hiyo ndiyo "tak" yako. Ndiyo sababu pia watoto wenye mpasuko wa kaakaa wanasumbuliwa mno na maji kwenye sikio la kati: msuli haujashika mahali pake, mrija haufunguki vizuri. Mtoto wa namna hiyo apimwe na masikio, kila mara.

Na kwa kuwa wewe ni mwalimu wa uimbaji, nikupe hili ninalolipenda. Mtu aliyetufungulia macho kuona nyuzi sauti zikifanya kazi ndani ya mtu aliye hai alikuwa mwalimu wa uimbaji kama wewe, Mhispania Manuel García. Mwaka 1854 alichukua kioo kidogo chenye mpini cha daktari wa meno, akakiingiza mpaka nyuma ya kinywa chake mwenyewe, akatumia kioo cha pili kuelekeza mwanga wa jua, akaziona nyuzi zake zikifunguka na kufungana. Mwaka 1855 maelezo yake yalisomwa mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha London. Alitaka kujua wanafunzi wake wanaimbaje. Madaktari wa koo walitumia njia yake kwa miongo mingi baadaye.

#9 Mjukuu wa Pili

Shikamooni. Babu yangu alipata kiharusi miezi miwili iliyopita. Mkono umeanza kurudi, lakini maji yanampalia kila akinywa, na vyakula vilivyosagwa vizito vinapita vizuri. Ndugu wanasema ni ajabu, maji ndiyo mepesi, yangetakiwa kuwa rahisi. Na sauti yake baada ya kunywa inakuwa kama ina maji ndani. Naogopa.

#10 Fundi wa Usemi

Marahaba, mjukuu. Pole, na umeangalia kwa makini kuliko wengi.

Maji ndiyo magumu kuliko yote. Kitu kizito kinakwenda polepole kama kimeshikamana, kinaupa mwili muda. Maji yanakimbia na kutawanyika. Kwa mtu mzima wa afya si neno, amri ya kumeza inatoka kwenye shina la ubongo, zoloto linapanda kwa wakati. Kiharusi kinaweza kuichelewesha amri hiyo kwa kiasi kidogo tu, labda sekunde moja, na sekunde moja inatosha maji kufika mlangoni mwa zoloto kabla halijafungwa. Neva tano zinazotoka kwenye ubongo moja kwa moja zinashiriki kwenye mmezo mmoja; zikipishana kidogo tu, mpangilio wote umeharibika.

Hiyo sauti yenye maji ndani ni dalili ya kweli, usiiache. Maana yake kuna kimiminika juu ya nyuzi sauti, na yeye ama hakihisi ama hana nguvu ya kukitoa. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mgonjwa anayeingiza maji mapafuni bila kukohoa. Kikohozi ni mlinzi, na baada ya kiharusi mlinzi anaweza kulala. Wa hivyo wanafika hospitali na nimonia, na nyumbani kila mtu anasema alikuwa anakula vizuri.

Kwa hiyo mpelekeni apimwe umezaji, msingoje. Kipimo kimoja anameza kitu chenye dawa inayoonekana kwenye eksirei, inapigwa kama video, tunaona kila hatua. Kingine ni kamera nyembamba inayopita puani na kutazama koromeo kutoka juu. Mpaka siku hiyo: aketi wima kabisa anapokula na abaki hivyo nusu saa baadaye, funda dogo dogo, asiongeleshwe akiwa na kitu kinywani, asilishwe akiwa amesinzia. Na msafisheni kinywa asubuhi na jioni, hata kama hana meno, kwa sababu kinachoingia na mate mapafuni ni vijidudu vya kinywani. Msimwinamishe kidevu wala kumwongezea uzito kwenye maji kwa kusikia kwa jirani. Vinawafaa baadhi na vinawadhuru wengine, kipimo ndicho kinachoamua.

Akiwa na homa, au akianza kuhema haraka, nendeni siku hiyohiyo.

#11 Nesi wa Zamu

Niongeze moja kwa wote. Mtu aliyepaliwa akiwa anakohoa kwa nguvu na anaweza kusema, mwacheni akohoe, hewa inapita. Anayeshika koo na hatoi sauti hata kidogo, huyo njia imeziba: mwinamishe mbele, mpige kwa kiganja kati ya mabega mara 5, ikishindikana msimamie nyuma umbane juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara 5, ubadilishane hivyo huku mwingine akiita msaada. Hiyo ni kwa mkubwa na mtoto aliyepita mwaka mmoja; mchanga habanwi tumboni. Usichokoe koo kwa kidole bila kuona kitu, utakisukuma ndani.

#12 Mama Zuhra

Nimesoma uzi wote mara mbili nikilia. Binti yangu ana miaka sita. Alikuwa anakoroma mno na kulala mdomo wazi, wakasema ana nyama za puani, zikaondolewa miezi saba iliyopita. Kukoroma kumeisha, namshukuru Mungu. Lakini tangu hapo usemi wake umebadilika, sasa hata bibi yake anamwomba arudie mara tatu. Watu wananiambia pua bado haijapona, wengine wanasema anajidekeza. Nimeanza kufikiri nilimharibu kwa kukubali ule upasuaji.

#13 Fundi wa Usemi

Hukumharibu, mama. Mtoto aliyekuwa hapumui usingizini alihitaji kupumua.

Nieleze kinachowezekana, kisha unisaidie kwa kupima. Nyama za puani ni tezi zinazokaa juu ya koromeo, nyuma kabisa ya pua, mahali palepale ambapo lango linakuja kugusa. Kwa mtoto mdogo zikiwa kubwa zinajaza nafasi. Lango fupi linaweza kuegemea tezi hizo likafunga, na hakuna anayejua kwamba ni fupi. Zikitolewa, ukuta umesogea nyuma ghafla. Watoto wengi lango lao linazoea katika wiki chache. Ikipita miezi mitatu na usemi bado unavuja, kuna sababu nyingine chini yake.

Fanya hivi. Chukua kioo kidogo kilichopoa, ukiweke chini ya tundu za pua. Mwambie aseme polepole "kaka kapata kitabu", halafu "sisi sote tusafishe sakafu". Humo hamna m wala n. Kioo kikifanya ukungu wakati anasema (si baada, akivuta na kutoa pumzi), hewa inavuja. Halafu aseme sentensi hizo ukiwa umembana pua taratibu, usikilize kama zinakuwa safi zaidi. Mwisho aseme "mimi namwona nyani mnene". Hiyo ikisikika vizuri, pua yake haijaziba.

Kisha afungue mdomo aseme "aaa" kwenye mwanga, tazama kilimi chake. Niambie umbo lake. Na je, maji yanatoka puani akinywa?

#14 Mpiga Filimbi

Dada, wa kwangu alikuwa hivyohivyo, tulimpa kazi ya kupuliza maputo na filimbi kila jioni kuimarisha misuli. Jaribu, haina gharama.

#15 Fundi wa Usemi

Ndugu yangu, najua unasaidia kwa moyo mweupe, na wako huenda alikuwa anapona mwenyewe ndani ya zile wiki za mwanzo. Lakini nalipinga hili wazi, maana linawapotezea watoto miezi. Kupuliza na kusema si kazi moja kwa ubongo. Lango linafunga kwa namna moja ukipuliza, kwa namna nyingine ukimeza, na kwa namna ya tatu ukisema. Kwenye kumeza, ulimi na kuta zote za koromeo zinabana kwa nguvu kubwa. Kwenye usemi ni mguso mwepesi, wa haraka, unaofunguka na kufungwa mara nyingi ndani ya sentensi moja. Kwa hiyo mtoto anaweza kupuliza puto likapasuka na bado "baba" ikatoka "mama". Na ndiyo maana nikimuuliza mama kuhusu maji puani, jibu la "hapana" halinifanyi nilale. Lango linaloweza kumeza bila kuvuja linaweza kushindwa kusema.

Lango likiwa fupi, mazoezi hayalirefushi.

#16 Mama Zuhra

Nimefanya. Kioo kilifanya ukungu kwenye "kaka kapata kitabu" kote, na kwenye "sisi sote" ndiyo zaidi. Nilipombana pua, yeye mwenyewe alishtuka akaniambia "mama, naongea kama zamani". Ya nyani inasikika vizuri. Maji yanatoka puani akiinama kunywa bombani, si siku zote.

Kilimi chake kina ncha mbili. Kama mkia wa mbayuwayu. Sikuwahi kukiangalia maisha yangu yote.

#17 Fundi wa Usemi

Ahsante, umepima vizuri kuliko nilivyotarajia.

Kilimi chenye ncha mbili peke yake si ugonjwa, wapo wengi wanaokaa nacho wasijue. Kikiambatana na uvujaji kama huu, kinanifanya nifikirie mpasuko wa kaakaa uliojificha. Kwa nje utando umefunika, kinywa kinaonekana kizima. Ndani, misuli ya kaakaa laini ambayo ilitakiwa ikutane katikati na kufunga kama mkanda haikukutana. Imekwenda mbele, imejishika kwenye ukingo wa mfupa. Ikikaza, inavuta upande usiofaa. Wakati mwingine ukimulika taa unaona mstari mwembamba katikati kama karatasi, na ukigusa mwisho wa kaakaa gumu unakuta pengo dogo kwenye mfupa. Wewe usimguse, atatapika na kuogopa, daktari atafanya.

Nenda kwenye hospitali yenye timu ya mipasuko ya mdomo na kaakaa, utaje mambo matatu kwa mpangilio huu: nyama za puani zilitolewa miezi saba iliyopita, usemi unavuja, kilimi kimegawanyika. Omba waangalie lango akiwa anasema, si akiwa amefungua mdomo kimya. Na masikio yapimwe siku hiyo.

#18 Kinanda

Mama Zuhra, tunakuombea. Utuletee mrejesho.

#19 Mjukuu wa Pili

Mrejesho wa babu: kipimo cha eksirei kimefanyika. Maji yalikuwa yanaingia kwenye bomba la hewa na hakukohoa hata mara moja. Nililiona kwa macho yangu kwenye skrini, mstari mweusi unateleza mbele badala ya nyuma. Wamempa kiwango cha uzito wa vinywaji na mazoezi ya kumeza, anarudi baada ya wiki nne. Homa hana. Ahsanteni Fundi na Nesi.

#20 Mama Zuhra

Wiki tano zimepita, narudi na mrejesho kama Kinanda alivyoomba.

Walipitisha kamera nyembamba puani. Wakamwambia aseme "kaka", "sisi", "papa". Tuliona lango linapanda, linakaribia ukuta, linasimama, na katikati linabaki tundu, na vijipovu vya kamasi vinarukaruka kwenye tundu hilo kila akisema s. Daktari aligusa kaakaa, akathibitisha pengo kwenye mfupa. Masikio yote mawili yana maji ndani. Upasuaji wa kuirudisha misuli nyuma na kuiunganisha umepangwa mwezi ujao, na masikio yatashughulikiwa siku hiyohiyo.

Nina maswali mawili. Baada ya upasuaji atasema vizuri moja kwa moja? Na mwalimu wake anasema mtoto ni mvivu wa kufungua mdomo, anamsimamisha darasani arudie maneno mpaka yatoke. Nimwambie nini?

#21 Fundi wa Usemi

La kwanza: sauti inaweza kubadilika mapema baada ya kidonda kupona, lakini panga kuwa na mtaalamu wa usemi kwa miezi kadhaa. Kwa muda wote huu Zuhra, bila kujua, amekuwa akitafuta njia ya kuzunguka tundu. Watoto wengi wa namna yake k na t wanazikatia chini kooni, kwenye nyuzi sauti, kwa sababu hapo hewa bado haijafika kwenye uvujaji. Sikiliza "kaka" yake, huenda inasikika kama "a'a" yenye mkato. Mazoea hayo hayaondoki kwa kufunga lango. Ulimi unafundishwa upya mahali pa kugusa, sauti moja baada ya nyingine.

La pili, mwone mwalimu ana kwa ana, bila hasira, na umwombe afanye majaribio mawili. Avumishe "mmm" na abane pua yake mwenyewe, asikie sauti inavyokatika. Halafu aseme "baba, baba, baba" huku akijitahidi kuacha hewa itoke puani. Hataweza kirahisi, maana lango lake linajifunga lenyewe bila kumwomba ruhusa. La Zuhra linapanda vilevile, kwa juhudi ileile, halafu linakosa kufika. Umwombe pia amkalishe mbele, kwa sababu ya yale maji ya masikioni, na akome kumrudisha neno lilelile mbele ya wenzake mpaka upasuaji ufanyike.

#22 Mama Zuhra

Nimetoka kwake sasa hivi. Alijaribu ya "mmm" mara nne mfululizo. Kuanzia kesho Zuhra anakaa dawati la kwanza.